Sura ya Sita: Mwizi wa Siku ya Mshahara

Mwaka 1935 kilianzishwa kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, juu ya mashamba ya mkonge ya Korogwe. Mradi wenyewe uliitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Fedha zilitoka shirika la Carnegie la New York, usimamizi ulikuwa wa Baraza la Kimataifa la Misheni, na waliobeba kazi walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi mradi unafungwa mwaka 1937 zilikuwa zimetoka filamu zipatazo 35, fupifupi, za kuonyeshwa Waafrika wa Tanganyika na nchi za jirani kwa projekta iliyosafirishwa na lori. Picha zilipigwa bila sauti. Maneno yalirekodiwa kwenye santuri, yakapigwa kwa gramafoni kando ya skrini, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa. Nyingi zilihusu minyoo, malaria ya watoto, mbegu bora na chai. Moja ilikuwa kisa cha uhalifu. Iliitwa kwa jina la Benki ya Akiba ya Posta, na kisa chake kinasimulika kwa pumzi moja: wafanyakazi wawili wa shamba wanapokea mshahara, mmoja anaufukia ardhini, mwizi anauchukua, mfanyakazi wa pili anapeleka wake posta, unasalimika.

Kisa hiki ni kidogo, lakini ni miongoni mwa visa vya kwanza vya uhalifu kuigizwa kwenye filamu na watu wa Tanganyika kwa ajili ya watazamaji wa Tanganyika, na kwa hiyo kinastahili kusomwa kwa makini kuliko kilivyosomwa. Hoja ya sura hii ni kwamba hadithi ya uhalifu hutoa hukumu yake mapema sana, kabla mwizi hajatokea, pale msimulizi anapoamua ianzie wapi. Ikianza siku ya mshahara, mwizi ni yule anayeingia chumbani gizani, na kosa lingine pekee ni uzembe wa aliyeibiwa. Ikianza siku nyingi nyuma, katika kijiji alikotoka mfanyakazi, orodha ya waliochukua fedha zake inakuwa ndefu, na mwizi wa usiku anashuka hadi mwisho wa orodha hiyo.

Tukichukue kijiji hicho kuwa Munanila, katika nyanda za juu za Buha, karibu na mpaka wa Burundi. Tunayo sababu nzuri ya kukichagua. Kuanzia miaka ya 1920 vijana wa Kasulu na Kibondo, huko huko Buha, walikuwa wakitoka kwa wingi kwenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mkonge wa Tanga. Mabonde yao yalikuwa na maharage, ndizi na mihogo, lakini kodi ya kibanda na ya kichwa, iliyowekwa kisheria na Waingereza mwaka 1922, ilidaiwa kwa shilingi, na shilingi haikuota Munanila. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, ila ilikwenda Dar es Salaam. Reli ya Tanga ilikuwa kivyake, na hizo mbili hazikuunganishwa hadi 1963, kwa kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Mtu wa Munanila alishuka milima, akavuka nchi nzima kwa treni, kwa lori au kwa miguu, akafika kwenye kambi ambako hakuna aliyejua jina la baba yake. Huko alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku hizo hazikuwa siku za kalenda. Siku iliandikwa pale tu alipomaliza kazi aliyopimiwa, kwa kuhesabiwa mafungu ya majani aliyoyakata na kuyafunga; asipoyafikisha, siku hiyo haikuwepo. Sheria ilimpa siku 42 za kujaza 30 zake. Mshahara ulitoka kadi ikijaa. Na katika miaka ya mwanzo ya 1930, bei ya mkonge ilipoanguka duniani, mishahara ilianguka nayo, huku kodi ikiendelea kudaiwa.

Sasa mrudishe mtu huyu kwenye filamu ya Vugiri. Anaonekana kwa mara ya kwanza mkono ukiwa umenyooshwa kupokea fedha. Fedha hizo ni nzima, ni zake, na swali pekee lililobaki ni ataziweka wapi. Kila kilichokwisha kukatwa kabla ya dakika hiyo, na kila kitakachodaiwa baada yake, kiko nje ya picha. Hata posta inayosifiwa inaonekana kwa upande mmoja tu. Kwa kibarua aliyezaliwa karibu na shamba, kuweka akiba posta lilikuwa jambo la maana. Kwa yule ambaye mke na wazazi wake walikuwa upande wa pili wa Tanganyika, swali gumu lilikuwa namna ya kuzifikisha fedha nyumbani, na filamu hailigusi kabisa.

Ili kuona kwamba huu ni uamuzi wa kisanaa, tuiweke filamu ya Vugiri kando ya ndugu yake mkubwa. Miaka 8 kabla yake, mwaka 1927, mwongozaji Mjerumani F. W. Murnau alitengeneza Hollywood filamu inayoitwa Sunrise. Nayo ilipigwa bila mazungumzo ya kusikika. Ilikuwa na muziki uliorekodiwa, na maandishi machache yaliyopita kwenye skrini. Nayo ni kisa cha uhalifu kilichojengwa juu ya machozi na toba: mkulima anashawishiwa na mwanamke wa mjini amzamishe mkewe ziwani, auze shamba, wahamie mjini. Katika tuzo za kwanza za Academy, zilizotolewa mwaka 1929, ilipata heshima ya filamu ya kipekee ya kisanaa, wapiga picha wake wakatuzwa, na Janet Gaynor, aliyecheza mke, akawa mwigizaji bora wa kike kwa filamu hiyo pamoja na nyingine mbili. Waliobobea katika sinema bado wanaihesabu miongoni mwa kazi bora zilizowahi kutengenezwa, na hawajakosea. Ipo sehemu ambapo mwanamke yule, katikati ya matete, chini ya mwezi, anatoa wazo la mke kufa maji. Maandishi yenye wazo hilo yanatokea kwenye skrini, kisha herufi zenyewe zinazama kwenda chini kama zinamezwa. Hakuna sauti inayohitajika. Mtazamaji anaiona dhambi ikiingia ndani ya mtu. Na mkulima anaporudi nyumbani anatembea kwa mgongo uliopinda na hatua nzito. Husimuliwa kwamba Murnau alimtia mwigizaji George O'Brien vipande vya madini ya risasi viatuni ili uzito huo usiwe wa kuigiza.

Sunrise ilitokana na hadithi fupi ya Hermann Sudermann, "Safari ya Tilsit", iliyotoka mwaka 1917 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Lithuania. Ni hapa ndipo kulinganisha kunatufaa. Katika hadithi, anayemshawishi mume amwue mkewe anaitwa Busze, naye ni mtumishi wa nyumba hiyohiyo. Anakula chakula chao, anajua kila kona, na uovu unapikwa katika jiko lao wenyewe. Mwisho wake pia ni mchungu: mume anapatana na mkewe katika safari ile ile aliyoipanga kuwa ya mauaji, lakini njiani kurudi mashua inapinduka, matete aliyoyaandaa kwa ajili ya kujiokoa anamfunga nayo mkewe, na yeye mwenyewe anakufa maji. Filamu imebadili yote mawili. Mtumishi ameondolewa, mahali pake pamechukuliwa na mgeni kutoka mjini, mwenye nywele fupi, nguo nyeusi na sigara mkononi. Na mume anapona. Kwa mabadiliko hayo, nyumba ya mkulima imesafishwa. Maovu yamekuja na mtu wa kuja, na akishaondoka kwa gari, asubuhi inarudi kama kwamba kijiji hakikuwa na tatizo lake chenyewe. Wapo hata wakopeshaji wa riba wanaoonekana wakiondoka na ng'ombe wa shamba, picha ya sekunde chache tu, lakini filamu inatutaka tuamini kwamba nao chanzo chao ni mwanamke yule.

Kuhamisha kosa kutoka ndani ya nyumba hadi kwa mgeni ndilo jambo linaloziunganisha kazi hizi mbili zisizolingana hata kidogo kwa ubora. Hollywood ilimtoa mtumishi ikamleta mwanamke wa mjini. Vugiri iliitoa kadi ya siku 30 ikamleta mwizi. Tofauti ni kwamba Murnau alikuwa anauza tiketi kwa watu waliokuwa na uhuru wa kutonunua, na Notcutt alikuwa na shabaha nyingine aliyoieleza mwenyewe. Kabla ya mradi huu aliwahi kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na mwaka 1926 alikuwa tayari amewaza kwamba sinema ingeweza kuwa njia nzuri ya kuwafanya vibarua waridhike na kubaki. Hilo halikufichwa, limo katika kitabu ambacho yeye na Latham walikitoa mwaka 1937 kuhusu Mwafrika na sinema. Mtu anayetaka kibarua aridhike hawezi kuanza hadithi kwenye hesabu ya kipande. Ataianza fedha zikiwa zimeshatoka mkononi mwa mwajiri salama, ili mashaka yote yanayofuata yawe kati ya kibarua na kibarua mwenzake.

Kuna pingamizi la kwanza, nalo ni la kifundi. Mtu atasema: filamu isiyo na sauti inalazimika kuonyesha uovu kwa uso na mwili. Kodi haina uso. Bei ya mkonge huko London haina uso. Mwizi anao, kwa hiyo amechaguliwa na kamera, na msimulizi hana la kufanya. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama D. W. Griffith hangekuwa amelijibu mwaka 1909, miaka 26 kabla ya Vugiri. Filamu yake A Corner in Wheat, ya dakika 14 hivi, ilitokana na maandiko ya Frank Norris, ikiwamo hadithi yake fupi kuhusu biashara ya ngano. Ndani yake tajiri mmoja ananunua ngano yote sokoni. Hashiki kisu, haruki dirisha. Griffith anatuonyesha wakulima wakipanda mbegu kwa hatua za taratibu, kisha tajiri akisherehekea, kisha duka la mikate ambako bei imepanda na maskini wamesimama kwenye foleni bila kutikisika, kiasi kwamba mtazamaji anadhani mkanda umekwama. Picha hizi zinafuatana bila mtu wa sehemu moja kukutana na wa sehemu nyingine, na bado kila anayetazama anaelewa nani kamwibia nani. Tajiri anaangukia ndani ya ghala la ngano yake na kufa, na hapo kisa kinarudi kwenye machozi ya kawaida, lakini kazi imeshafanyika. Kwa hiyo kamera bubu iliweza kuonyesha wizi unaofanywa kwa kalamu. Ingeweza kuonyesha karani akiandika kadi, nyapara akikataa fungu, na mzee wa Munanila akihesabu siku zilizobaki kabla ya mtoza kodi kupita.

Pingamizi la pili lilitawala fikra za wakubwa wa sinema ya kikoloni kwa miaka mingi. Lilidai kwamba Mwafrika wa kijijini asingeweza kufuata hadithi yenye mikato ya namna ya Griffith, kwa hiyo kisa kilipaswa kuwa chepesi: mjinga na mwerevu, posta na shimo. William Sellers, aliyeongoza Kitengo cha Filamu za Makoloni kuanzia 1939, alilifanya wazo hilo kuwa kanuni: picha ndefu, mikato michache, hakuna ujanja wa kamera. Lakini ushahidi wa kinyume ulikuwepo mapema. Mwaka 1929 mwanasayansi Julian Huxley alitumwa Afrika Mashariki pamoja na mambo mengine ajaribu filamu za elimu mbele ya wanafunzi wa Kiafrika, na alichokiona ni kwamba walizielewa na kuzifurahia, hata zile zilizoonyesha mambo yasiyoonekana kwa macho ya kawaida. Pwani ushahidi ulikuwa wa kila siku. Zanzibar ilikuwa na jumba lake la sinema, Royal, lililofunguliwa na Hassanali Adamji Jariwalla mwaka 1921, na watu wa mjini walikuwa wakilipa fedha zao kutazama filamu bubu za nje zilizojaa mikato, mbio na mafumbo. Wasioelewa hawarudi wiki inayofuata. Kisa chepesi cha Vugiri kilitokana na dharau iliyokuwa imeshapingwa na ukweli, na dharau hiyo iliwafaa waajiri, kwa sababu hadithi nyepesi haina nafasi ya kuuliza fedha zilitoka wapi.

La tatu ni pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Wizi kambini ulikuwa kweli. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima akaibiwa usiku mmoja alipata msiba halisi, na anayemfundisha kuweka fedha mahali salama anamtendea wema. Tena waanzilishi wa mradi hawakuwa watu wabaya. J. Merle Davis wa Baraza la Misheni alikuwa ameongoza uchunguzi wa athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini kwa jamii za Kiafrika, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1933, na wazo la sinema lilizaliwa katika kuhangaikia watu hao. Haya yote nayakubali. Lakini yanaongeza uzito wa hoja badala ya kuupunguza. Davis alijua, na alikuwa ameandika, kwamba kibarua ana kijiji nyuma yake, na kwamba ajira ya mbali inakigusa kijiji hicho chote. Ujuzi huo ulipofika Vugiri na kugeuzwa kisa, kijiji kikakatwa. Wema wa somo la posta haufuti swali la kwa nini filamu nyingine ya mradi huohuo, ile ya kodi, ilionyesha fedha za kodi zinavyotumika kwa manufaa, na hii ya posta ikaonyesha hatari ya mwizi, na kati ya hizo mbili hapakuwa na hata picha moja ya mtu akitafuta shilingi ya kulipia.

Mtindo haukuishia hapo. Gumu, filamu nyingine ya Vugiri, ilimfuata kijana anayetoka kijijini na kuharibikiwa mjini. Mwaka 1952, sauti ikiwa imeshaingia, kampuni ya Afrika Kusini kwa msaada wa serikali ya Tanganyika ilitoa Muhogo Mchungu, nayo ikamleta mtu wa shamba Dar es Salaam kukutana na mikasa ya mji. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu Sunrise, na bado mji ndio ulikuwa mshtakiwa, na mtu wa bara bado alikuwa na kosa lake lilelile la ugeni. Hata leo kisa hiki kinatembea katika filamu zetu za video: msichana anashuka basi stendi, na ndani ya dakika tano ameshapata wa kumwangamiza. Mara chache tunaonyeshwa nani alimpandisha basi na kwa deni gani.

Ila Muhogo Mchungu inatupa jambo ambalo watengenezaji wake hawakulipanga. Aliyekuwa nyota wake ni Rashidi Mfaume Kawawa, wakati huo mtumishi wa ustawi wa jamii aliyezunguka na sinema ya serikali. Mwaka 1955 Kawawa akawa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, na kazi yake ikawa kuuliza hadharani swali ambalo filamu zile zililiruka: mshahara ni kiasi gani, nani anaukata, na kwa nini. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Siwezi kusema filamu ilimfundisha hayo. Ninachosema ni kwamba mtu yuleyule aliyevaa sura ya mgeni wa mjini asiyejua kitu alikuwa anajua mengi kuliko mswada aliopewa.

Manamba wa Buha hawajapata filamu yao. Watoto na wajukuu wao wapo Munanila, Heru Juu na Kibondo, na waliowahi kushika kipande kwa mikono yao wanazidi kupungua kila mwaka. Nawaomba vijana wa Kigoma wanaopiga filamu kwa simu, na walimu wa Kasulu wanaofundisha kuandika hadithi fupi, wawakalishe wazee hao mapema. Waanze kwa kuuliza kodi ilikuwa shilingi ngapi mwaka ule waliotoka nyumbani, na nani alikuja kuidai. Habari ya mwizi waiache hadi mwisho wa mazungumzo.